Spektra ya buluu kwa tangi la matumbawe: taa iwe ya buluu tupu, au ichanganywe na nyeupe?

Nahodha wa Ghubra (Maskati)

Assalaam alaykum, waungwana. Ninalo tangi la maji ya bahari lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kimo cha 60, ambalo hadi sasa limekuwa la samaki na mawe tu. Maji yake yametulia, chumvi na nitrati haziyumbi, na sasa nakusudia kuanza kufuga matumbawe: kwanza yale laini pamoja na ya polipu kubwa (polipu ni vile vijiumbe vyenye minyiri vinavyounda tumbawe) kama Euphyllia, kisha, mambo yakienda vyema, matumbawe magumu ya Montipora na pengine Acropora kwenye kilele cha mawe. Vipande nitakavyonunua ni vile vilivyozalishwa katika matangi, si vilivyovunjwa baharini.

Linalonitatiza ni taa. Muuzaji mmoja ananihimiza ninunue taa ya buluu tupu kwa madai kwamba matumbawe hayana haja na rangi nyingine yoyote, na kwamba mwanga mweupe hauna kazi ila kuotesha mwani. Mwingine anasema nitafute taa yoyote iliyoandikwa Kelvini 20,000 na nisijisumbue na mengine. Nikisoma maelezo ya watengenezaji, nakuta kila mmoja ana mchoro wake wa spektra, yaani mgawanyo wa mwanga kwa urefu wa mawimbi, wenye vilele vya nanomita 420, 450 au 470, bila kueleza kilele hicho kinamfaa nani na kwa nini.

Naomba mwenye ujuzi anieleze sababu ya buluu kupewa cheo hiki, ni kiasi gani cha nyeupe kinachofaa kuchanganywa nayo, na namna ya kujua kama mwanga unaofika chini unatosha, kwa kuwa kipimo cha PAR (mwanga unaofaa kwa usanisinuru) kinachozamishwa majini kina bei ya kutisha na mimi ninacho kipimo cha luksi tu. Jambo la mwisho, ambalo si dogo: tangi liko sebuleni, na mke wangu amekwisha kusema waziwazi kwamba hataki kuketi jioni katika chumba kilichogeuka kuwa ukumbi wa harusi.

Bi Mwamba (Mombasa)

Waalaykum salaam, Nahodha. Nimesomea viumbe wa baharini, kwa hiyo nitajibu upande wa tumbawe lenyewe na kuwaachia wengine upande wa nyaya.

Maji safi ya bahari hunyonya mwanga mwekundu upesi mno. Ukishuka mita 10 hivi, sehemu kubwa ya wekundu imekwisha kutoweka, ilhali mwanga wa buluu wa nanomita 450 hadi 480 huendelea kupenya makumi ya mita. Ndiyo maana mzamiaji anayejikata kidole katika kina cha mita 20 huiona damu yake ikiwa nyeusi ya kijanikijani. Tumbawe linaloishi huko limezoea chakula cha rangi moja, tukisema hivyo. Na walaji wenyewe si tumbawe, bali viumbe vya chembe moja viitwavyo zooksantela, vya jamii ya Symbiodiniaceae, vinavyokaa ndani ya nyama yake, vikafanya usanisinuru na kumpa mwenyeji wao sehemu kubwa ya nishati anayoitumia.

Zooksantela zina klorofili a, klorofili c2 na rangi nyingine iitwayo peridinini. Klorofili a hunasa mwanga kwa nguvu karibu na nanomita 430, na tena katika wekundu wa karibu 665. Klorofili c2 hunasa zaidi karibu na 450. Na peridinini hufunika eneo pana la buluu na buluu-kijani hadi kuikaribia 550. Sasa vitazame vile vilele vilivyokutatiza: 420, 450 na 470 vyote vimeangukia ndani ya eneo ambalo rangi hizi tatu zinapokezana kazi. Hakuna kilele kimoja ambacho ndicho ufunguo, na mtengenezaji anayekuuzia nanomita 3 za tofauti kana kwamba ni siri ya ukuaji anakuuzia maneno.

Majaribio yanaafikiana na hayo. Mwaka 1984 Robert Kinzie na wenzake huko Hawaii walichapisha matokeo ya kukuza matumbawe chini ya mwanga wa rangi mbalimbali, na yale yaliyopewa buluu au nyeupe yalikua vizuri kuliko yaliyopewa kijani au nyekundu. Mwaka 2014 Tim Wijgerde na wenzake wa Uholanzi walionyesha kwamba tumbawe Stylophora pistillata likiachwa chini ya mwanga mwekundu peke yake hudhoofika. Angalia lakini kwamba katika jaribio la Hawaii nyeupe ilikaa pamoja na buluu upande wa washindi, jambo ambalo muuzaji wako wa kwanza hakukuambia.

Hoja ya kwamba "matumbawe huishi katika buluu" ni nusu ya ukweli. Njoo Watamu au Mafia wakati wa maji kupwa, uone Acropora zilizo chini ya maji ya kiunoni saa sita mchana: zinapata jua zima, na rangi zake zote, kwa nguvu inayoweza kufika maikromoli 2,000 kwa mita ya mraba kwa sekunde (ndicho kizio cha PAR) juu ya maji. Zaidi ya hayo, maji ya karibu na pwani yana chembechembe nyingi, na mwanga unaopenya humo huwa wa kijani kuliko wa buluu. Kwa hiyo mwanga mweupe hauliumizi tumbawe. Buluu inapendelewa kwa kuwa karibu kila fotoni yake (chembe ya mwanga) ina wa kuipokea, na kwa sababu ya pili ambayo ni ya macho yetu sisi, si ya tumbawe. Hiyo nitaiacha wengine waieleze.

Umefanya vyema kuchagua vipande vya matangini. Ukumbuke pia kwamba matumbawe yote magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, hivyo kipande kinachovuka mpaka kinahitaji hati zake hata kama kilizaliwa ndani ya tangi.

Fundi wa Diodi (Sharjah)

Bi Mwamba ameifafanua biolojia vizuri. Mimi kazi yangu ni umeme, na taa za aina hii hunipitia mikononi mara kwa mara, kwa hiyo nitasema yale yanayoandikwa kwenye boksi na yale yasiyoandikwa.

Kelvini iache kando. Tarakimu hiyo hueleza jinsi mwanga unavyoonekana machoni ukilinganishwa na mwanga wa kitu kilichopashwa joto hadi kiwango hicho. Haielezi mwanga umeundwa na mawimbi gani. Taa mbili zinaweza zote kuandikwa 20,000, moja ikiwa imejaa urujuani wa nanomita 420 na nyingine buluu ya 470, na jicho lisitambue tofauti kubwa. Zamani za taa za metali halaidi, ambapo mtu alinunua balbu ya 10,000, 14,000 au 20,000 na basi, kipimo hicho kilikuwa na manufaa fulani. Kwa taa ya LED yenye chaneli (makundi ya rangi) ambazo kila moja hurekebishwa peke yake, unachohitaji ni kujua ndani yake mna diodi (vijitaa) gani na ngapi za kila aina.

Na ukishazijua, utagundua jambo ambalo wengi hawalitarajii: diodi nyeupe ni chipu ya buluu, kwa kawaida ya karibu nanomita 450, iliyopakwa fosfori inayogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano na rangi zinazoizunguka. Kwa hiyo hata ukiwasha nyeupe peke yake unatoa buluu, tena kwenye wimbi lile lile linalotajwa kwa sifa. Kinachokosekana katika nyeupe ni eneo la karibu na 480, ambako mchoro huwa na bonde, na ndiyo kazi ya diodi za 470 hadi 490 katika taa iliyosanifiwa kwa uangalifu. Urujuani wa 400 hadi 420 nao hutumika na zooksantela, ila kwa maoni yangu faida yake kubwa ni mng'ao wa rangi. Usilipe ziada kubwa kwa ajili yake.

Kuhusu kipimo chako cha luksi, hapa ndipo watu wengi huunguza matumbawe. Kipimo hicho kimetengenezwa kuliiga jicho la binadamu, ambalo huona vizuri zaidi mwanga wa kijani wa nanomita 555 na huona vibaya sana buluu ya mawimbi mafupi. Chini ya jua, luksi 54 hivi ni sawa na maikromoli 1. Chini ya mwanga wa nanomita 450 pekee, maikromoli hiyo hiyo moja haifikishi luksi 8. Ukichukua mgawanyo wa jua ukautumia kwa taa ya buluu, utadhani tangi liko gizani, utaongeza nguvu mara kadhaa, na baada ya muda mfupi vipande vitakuwa vyeupe. Kwa taa iliyochanganywa uwiano huangukia mahali fulani katikati, na husogea kila unapogusa chaneli. Hata hivyo, usikitupe kipimo hicho. Ukishapanga chaneli na ukaacha kuzigusa, kinafaa kulinganisha kona moja na nyingine juu ya maji, na kinafaa kukuonyesha miezi ijayo kama taa imefifia au lenzi imeganda chumvi. PAR halisi kipime mara moja tu, kwa kuazima au kukodi kifaa. Maduka mengi ya samaki wa baharini hukikodisha, na usichukue kile cha kizazi cha zamani ambacho huhesabu pungufu mwanga wa urujuani.

Kwa tangi la sentimita 120 kwa 60, nunua taa mbili za nguvu ya wastani badala ya moja kubwa. Moja katikati hutengeneza jua kali chini yake na vivuli pembeni, na tumbawe linalopata mwanga kutoka upande mmoja tu hufa upande wa pili bila mwenyewe kuona. Zining'inize sentimita 20 hadi 30 juu ya maji. Kwa hali ya hewa ya Maskati kuna faida nyingine: joto la LED hutoka juu kupitia mabati yake ya kupozea, halimiminiki majini kama la metali halaidi, kwa hiyo mtambo wako wa kupoza maji utapumzika kidogo.

Neno moja la usalama, kwa kuwa una familia nyumbani. Buluu ya mawimbi mafupi huonekana hafifu hata inapokuwa kali. Taa isikodolewe macho kwa karibu, na mikono inapofanya kazi ndani ya tangi, ipunguzwe nguvu.

Nahodha wa Ghubra (Maskati)

Nawashukuru sana, Bi Mwamba na Fundi. Habari za luksi zimeniokoa, maana nilikwisha kuanza kugawanya kwa 54. Nimebakiwa na mambo mawili. Dukani, vipande vyote vilikuwa vikimeremeta kijani na rangi ya chungwa chini ya taa ya buluu, kisha muuzaji alipowasha taa ya kawaida vikawa vya kahawia. Je, hiyo ndiyo sababu ya pili aliyoitaja Bi Mwamba, na je, mmeremeto huo ni dalili ya afya? La pili, nikishapata taa, niiweke katika nguvu gani na kwa saa ngapi?

Mfugaji wa Maas (Rotterdam)

Salaam kwenu nyote. Hapa Uholanzi ufugaji huu una wapenzi wengi, na maswali yako mawili ndiyo yanayoulizwa kila mara kwenye meza za kubadilishana vipande.

Ndiyo, hiyo ndiyo sababu ya pili. Matumbawe mengi yana protini za jamii ile ile ya protini ya kijani inayong'aa iliyogunduliwa kwanza katika yavuyavu wa baharini, nazo humeza mwanga wa buluu na kuutoa ukiwa kijani, chungwa au wekundu. Chini ya mwanga mweupe mng'ao huo upo vilevile, ila umefunikwa na mwanga unaoakisiwa. Kuna kiungo cha kweli kati ya buluu na protini hizi: mwaka 2008 Cecilia D'Angelo, Jörg Wiedenmann na wenzao walionyesha kwamba katika aina kadhaa za matumbawe ni mwanga wa buluu hasa unaochochea kiumbe kuzitengeneza kwa wingi. Kwa hiyo buluu haionyeshi rangi tu, bali husaidia kuzijenga.

Afya ni jambo jingine kabisa. Tumbawe linaloanza kupauka hupoteza zooksantela zake, zile zenye rangi ya kahawia, lakini protini zinazong'aa zinaweza kubaki, hivyo chini ya buluu likaonekana zuri kuliko siku zote wakati linakufa njaa. Dawa yake ni rahisi: mara moja kwa wiki washa nyeupe kwa nguvu kwa dakika chache, na uvitazame vipande chini ya mwanga huo. Kahawia uliyoiona dukani si aibu. Ni zooksantela zikiwa kazini.

Kuhusu nguvu, lenga maikromoli 50 hadi 100 kwa matumbawe laini na uyoga wa baharini, 80 hadi 150 kwa Euphyllia, 150 hadi 250 kwa Montipora, na 200 hadi 350 kwa Acropora. Wapo wanaofika 500 na zaidi kwa Acropora, lakini wanalipa kwa uangalizi mkubwa wa kalisi na alkali, na sioni mfugaji anayeanza anapata nini huko. Muda wa saa 8 hadi 10 unatosha, ukiwemo ule wa kupanda na kushuka taratibu.

Uwiano hauna tarakimu takatifu. Mimi huweka chaneli za 450 na 470 ziwe msingi, urujuani nusu ya hizo, nyeupe kati ya asilimia 10 na 30, na kijani na nyekundu karibu na sifuri. Kumbuka kwamba asilimia inayoonekana kwenye kidhibiti ni ya chaneli ile peke yake, si sehemu ya mwanga wote. Taa yenye diodi nyeupe nyingi ikiwekwa asilimia 20 inaweza kutoa nyeupe kuliko taa nyingine iliyowekwa 40. Ndiyo maana kuiga mpangilio wa mtu mwenye taa tofauti hakuna maana.

Sasa suala la sebule, ambalo Fundi amelikwepa kwa busara. Tumbawe halijui saa ya ukutani. Kwa ujumla linahesabu mwanga linaokusanya kwa siku nzima. Maikromoli 150 kwa saa 8 hufanya moli 4.3 hivi kwa mita ya mraba kwa siku, na ukizipanga saa hizo zote mchana, wakati nyumba iko kazini na shuleni, umeshamlisha kiumbe wako. Wengi hupanga kinyume, nyeupe mchana na buluu tupu jioni, kwa sababu jioni ndipo wanapokaa kuangalia mmeremeto. Wewe pindua ratiba: buluu kali kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kisha saa mbili za mwisho nyeupe na buluu kwa nguvu ndogo, mchanganyiko unaofanana na mchana wa kawaida. Mke wako ataona samaki wenye rangi zao, na tumbawe halitapungukiwa na kitu. Ukitaka mmeremeto kwa ajili ya wageni, bonyeza kitufe kwa nusu saa.

Usianze na nguvu kamili hata kidogo. Vipande vingi hufa kwa kuongezewa mwanga ghafla kuliko kwa kukosa mwanga. Anza na nusu ya lengo, viweke vipande chini ya tangi, kisha ongeza kidogo kila wiki ukitazama polipu: zikijificha na nyama ikipauka, rudi nyuma, nyama ikizidi kuwa ya kahawia iliyokolea na tumbawe likijinyoosha kuutafuta mwanga, endelea mbele. Na ukipandisha nguvu, usibadilishe uwiano wa chaneli katika wiki hiyo hiyo, la sivyo hutajua kilichosababisha nini.

Bi Mwamba (Mombasa)

Nakubaliana na Mfugaji katika yote, na nitajazia mawili yaliyobaki.

Mwani. Mwani wa kijani nao una klorofili a, unakula buluu sawasawa na zooksantela, kwa hiyo taa ya buluu haiufukuzi. Kinachoulisha mwani ni nitrati na fosfati zilizozidi, na konokono na samaki wanaokula mwani wasipokuwepo wa kuupunguza. Hofu hiyo isikusukume, hata hivyo, kuondoa virutubisho vyote. Wiedenmann na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba matumbawe yanayokosa fosfati ilhali nitrati ipo hupauka kwa urahisi zaidi yanapokabiliwa na mwanga mkali au joto. Kwa hiyo tangi lenye taa kali na fosfati isiyoonekana kabisa katika kipimo ni mahali pa hatari, hata kama maji yake yanang'aa kwa usafi.

La pili ni ile taa ya usiku, ambayo taa nyingi za kisasa huja nayo ikiwa imewashwa tangu kiwandani: buluu hafifu kuanzia jioni hadi alfajiri, kwa jina la mbalamwezi. Matumbawe yana vipokezi viitwavyo kriptokromu, vinavyohisi buluu. Oren Levy na wenzake walivieleza mwaka 2007 katika Acropora millepora, na wakaonyesha kwamba kimojawapo huamka zaidi usiku wa mwezi mpevu kuliko usiku wa mwezi mwandamo. Tumbawe, basi, linausoma mwanga hafifu wa usiku kama kalenda. Mbalamwezi ya kila usiku kwa mwaka mzima haipo baharini, na baadhi ya polipu hufunguka kula gizani tu. Izime kabisa saa ya mwisho ya ratiba ikimalizika, na ukitaka kuwaona viumbe wa usiku, tumia tochi ndogo nyekundu.